Si uko nyumbani tu?

Watu wakisikia unafanyia kazi nyumbani maswali yao ni yale yale, intaneti unatumia ya nani, laptop gani inafaa, na hao waajiri wanapatikana wapi na wao waombe. Hakuna hata mmoja anayeniuliza unaishi na nani humo ndani. Na mi nakwambia hilo ndo lilitakiwa liwe swali la kwanza, maana ruta unanunua asubuhi mchana inafanya kazi, ila kumfanya mama mkwe aamini kwamba mtu aliyejifungia chumbani na kompyuta saa nne asubuhi yuko kazini kweli, aisee hiyo ni shughuli nyingine na hakuna duka inakouzwa.

Kwa wageni humu, mimi niko upande wa mauzo na bukingi kwenye kampuni moja ya utalii ya Arusha. Najibu wateja wanaotaka kupanda Kilimanjaro au kwenda Serengeti na Ngorongoro, nawatengenezea bei, nawapangia siku, nafuatilia malipo, nawabembeleza wale wanaopotea wakishatumiwa bei. Ni kazi ya kompyuta na simu tangu enzi na enzi, ila kabla ya 2020 ungemwambia bosi wa Arusha kwamba unataka kuuza safari ukiwa kwako Moshi angekuuliza kama unaumwa. Kwa hiyo nilikuwa naamka kiza, nakimbilia stendi, napanda koasta, Boma Ng'ombe, KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), Usa River, Tengeru, kila penye nyumba za watu dereva anashuka mpaka spidi 50 na trafiki wanamsubiri mbele, kilomita 80 hivi lakini ukifika unahisi umetoka Dodoma. Jioni unazirudia zote. Kuna wanaopanga chumba Arusha wanarudi Moshi wikiendi, mi nilikuwa na mtoto mdogo, hiyo haikuwezekana.

Halafu ikaja Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16, abiria aliyeshukia KIA akagundulika Arusha, yaani balaa halikuanzia Dar lilianzia kwetu. Shule zikafungwa, wateja wakaanza kuahirisha mmoja mmoja baadaye kumi kumi, Aprili ndege za abiria za nje zikasimamishwa mpaka Mei 18 ziliporuhusiwa tena. Ofisi ikapunguza watu, tuliobaki tukaambiwa kila mmoja abebe kompyuta yake akae kwake tuone itakuwaje. Ikawa hivyo miezi kadhaa, na bosi akaona kitu ambacho hakukitarajia, kwamba imeili zinajibiwa na bei zinatoka hata kama hatuoni tumekaa. Utalii uliporudi wenzangu walirudi ofisini, mimi nikaomba nibaki. Akakubali, kwa masharti kwamba Arusha naenda siku moja kila wiki na mimi nitapimwa kwa kazi inayotoka sio kwa saa ninazoonekana.

Watu wengi wanadhani hapo ndo hadithi ya kufanikiwa inaisha. Kumbe hapo ndo inaanza.

Wakati wa korona kila mtu alikuwa nyumbani, hakuna aliyekushangaa. Baadaye wote wamerudi makazini, mtaa umetulia, halafu wewe mama mzima wa watu uko nyumbani Jumanne saa nne. Tunakaa Rau, kwa hiyo ukoo wa mume wangu kutoka Uru ukishuka mjini kwetu ni njiani. Na Moshi ni mji wa hospitali, KCMC ni rufaa ya kanda, watu wanakuja kliniki kutoka Rombo, Same, Mwanga, mpaka Manyara na Singida huko, na kila ukoo una mtu mmoja Moshi mjini ambaye ndo kituo. Zamani walikuwa wanamkuta dada wa kazi, wanaacha mizigo, wanaenda. Wakishajua niko, ikawa "tutampeleka shangazi kliniki na mama fulani, si yuko nyumbani tu". Jirani anaacha funguo. Kikundi chetu cha kuweka hela kikahamishia vikao kwangu kwa sababu "kwako kuna mtu muda wote". Msiba ukitokea mtaani wanaofanya kazi wanakuja jioni na hakuna anayewasema, mimi nisipoonekana saa tano nakata vitunguu naitwa ninaringa. Hakuna hata mmoja mwenye nia mbaya hapo, na ndo maana inakuwa ngumu. Mtu mbaya unamfungia geti. Shangazi mwenye presha aliyekuletea mkungu wa ndizi unamfungiaje?

Ushauri wa kwenye mitandao unasema weka mipaka, sema hapana. Hao wanaoandika hawana wakwe Uru. Kwetu huwezi kumwambia mkubwa hapana ukabaki salama, unachoweza ni kumwambia lini. Nilichofanya ni kutangaza saa zangu kama duka linavyotangaza. Saa mbili mpaka saa saba niko kazini, saa saba mpaka saa nane niko huru kabisa, nitakula na wewe, nitakusikiliza, nitakupigia simu unayotaka nikupigie, saa nane narudi kazini. Hiyo saa moja ya mchana ni ya watu na huwa siigusi hata kama mteja anawaka moto. Ajabu ni kwamba wageni wakishajua kuna saa ambayo watakupata mzima mzima hawahangaiki na zile nyingine, wanakaa sebuleni wanaangalia tivii wanasubiri saa saba. Nilipokuwa nawapa dakika tano tano huku jicho liko kwenye skrini ndo walikuwa wanaudhika, na wana haki.

Na viatu. Utacheka ila hii imenisaidia kuliko chochote nilichonunua. Asubuhi navaa kabisa, nguo ya kutokea, na viatu vya ofisini, vile vyeusi vya kisigino kifupi nilivyokuwa napandia koasta. Navaa ndani ya nyumba yangu mwenyewe juu ya tailizi. Mtoto akisikia ko ko ko kwenye korido anajua mama yuko kazini, akiona kandambili anajua mama yupo. Ana miaka michache tu lakini hilo analielewa kuliko watu wazima, kuna siku alimwambia babu yake "mama ana viatu, hayupo", mzee akabaki anamtazama. Jirani akichungulia dirishani akaona mtu kavaa blauzi na viatu na spika za masikioni hawezi kuniambia nimsaidie kuangalia mandazi yake. Ningekuwa na dera angeniambia, na mimi ningeenda.

Mama mkwe yeye hakushtushwa na viatu wala saa. Ni mtu wa kahawa na ndizi huyo, amesomesha watoto kwa shamba, kazi kwake ni kitu unachokiona kimeongezeka kwenye debe. Kila akija ananiangalia kwa huruma, na nikajua anaamini nimefukuzwa kazi na mwanae anamficha. Maelezo yote ya intaneti hayakumwingia. Mwisho wa mwezi mmoja alikuwa sebuleni, mesej ya benki ikaingia, nikamsomea. Akauliza, "Hiyo ndo ile ile ya ulipokuwa unaenda Arusha?" Nikamwambia ndiyo mama, ni ile ile, na nauli siku hizi inabaki. Akanyamaza, akapiga hesabu yake ya nauli kwa mwezi kwa vidole, tena kwa sauti. Kuanzia siku hiyo yeye ndo mlinzi wangu, wageni wakija anawaambia kwa kichaga maneno ambayo mengine sijayaelewa mpaka leo ila wanashusha sauti. Kwa hiyo kama una mkwe wa namna hii, acha kumweleza teknolojia, mwonyeshe hela.

Sasa kuna mtu mmoja ambaye kwenye hizi habari za kufanyia kazi nyumbani hatajwi kabisa, naye ni dada wa kazi. Mimi nilikuwa nadhani nimerudi nyumbani kwangu. Nikikaa nikafikiria naona kwamba nyumba saa za mchana ilikuwa ni sehemu ya kazi ya mtu mwingine, na mimi nimeenda kukaa katikati yake kama bosi asiyetoka. Dada yetu alikuwa na mpangilio wake, anafua na redio juu, akimaliza anapumzika, mchana anapika anavyojua yeye, jioni tunarudi tunakuta nyumba safi mtoto ameoga, hakuna aliyeuliza ilikuwaje. Ghafla mama yuko. Mama anasikia sufuria ikianguka anauliza nini, mama anapita jikoni kuchukua maji anasema mbona mafuta mengi, mama anaomba redio ipunguzwe kwa sababu yuko kwenye simu. Siku moja akaniambia kwa adabu tu, "Mama, ukiwa nyumbani mi nachoka zaidi." Hakuwa mvivu, alikuwa anasema ukweli.

Tukakaa tukaongea kama watu wawili wanaogawana ofisi. Jikoni kwake mi siingii saa za kazi, nina chupa yangu ya chai na maji humu chumbani najaza asubuhi. Redio anawasha anavyotaka ila nikiwa na simu ya mteja naning'iniza kitambaa chekundu kwenye kitasa, akikiona anaipunguza na mtoto anamtoa nje. Baada ya kuosha vyombo vya mchana analala mpaka saa tisa na mimi hata kama nina shida simgongei. Na mshahara tukaongeza, kwa sababu tukubaliane, nisingekuwa naye mimi nisingeweza kazi hii hata wiki. Mtu akikwambia anafanya kazi nyumbani na mtoto mdogo bila msaidizi na mambo yanaenda, muulize bibi yuko wapi.

Mume wangu naye alikuwa na kipindi chake, anapiga simu saa sita anauliza tumepika nini kana kwamba mimi ndo niko jikoni, au anamtuma fundi wa friji aje "kwa sababu upo". Huyo tulimalizana naye haraka, nilianza kumtumia na mimi mafundi ofisini kwake.

Chumba chenyewe sio cha kujivunia. Kilikuwa stoo. Tulitoa magunia ya mahindi, tukapaka rangi, fundi seremala wa Majengo akanitengenezea meza ya mbao iliyobaki kwenye kitanda cha mtoto. Meza ikae juu kiasi kwamba viwiko vyako vinalala bila kupandisha mabega, na skrini iinuliwe mpaka macho yaangalie mbele, mimi yangu iko juu ya matofali mawili yaliyofungwa kitenge na nina kibodi ya pembeni. Kiti cha plastiki ondoa kichwani, kitakula kiuno. Nenda kwa wanaouza fanicha za ofisi za mtumba, viti vyao vimeshakaliwa na watu na havijavunjika, hiyo tayari ni ushahidi.

Kelele za Moshi unazizoea, jogoo, mashine ya kusaga, yule kijana wa vyombo mwenye spika anayesema bei ile ile mtaa mzima. Ambacho huzoei ni mvua juu ya bati. Machi mpaka Mei masika yakishika ikinyesha humu ndani hata mtu aliyeko mbele yako humsikii, sembuse mteja wa Marekani anayetaka kujua kama siku 6 za kupanda mlima kwa njia ya Machame zinatosha au achukue 7. (Achukue 7. Mwili unahitaji muda wa kuzoea hewa ya juu, siku moja hiyo ndo inamfikisha mtu kileleni au kumrudisha njiani.) Bahati nzuri masika ndo msimu mdogo wa utalii simu ni chache, na wingu likianza kuwa jeusi upande wa mlima namwandikia mteja mapema kwamba tuongee kwa maandishi. Hawachukii. Wengine wanaomba niwarekodie hiyo mvua.

Umeme na intaneti nitapita haraka kwa sababu hizo ndo kila mtu anaandika. Laptop haili umeme kama watu wanavyoogopa. Chaja ya wati 65 ukiiacha masaa 9 ni nusu uniti na kidogo, kwa mwezi wa siku 26 kama uniti 15, na hiyo ni ikivuta nguvu zote muda wote, kitu ambacho haifanyi. Birika la umeme la wati 2000 ukilichemsha dakika 10 linakula theluthi ya uniti, kwa hiyo kama LUKU (umeme wa kulipia kabla) inaisha haraka tangu uanze kukaa nyumbani mshukiwa ni chai. Ila angalia kitu kimoja, kama uko kwenye ile tarifu ya matumizi madogo isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hizo 15 pamoja na feni na chai zinaweza kukutoa humo, na hapo ndo utaona tofauti. Tokeni nanunua kabla, zile namba 20 nazihifadhi kwenye simu, usiku wa manane uniti zikiisha naingiza tu. Umeme ukikatika ruta ndo inakufa kwanza, laptop ina betri yake, kwa hiyo nilinunua kale kabetri kadogo ka ruta, bei yake haikutisha na kanashika masaa kadhaa.

Laini mbili za mitandao tofauti ni lazima, ila usijidanganye kwamba hapo umemaliza. Mei 12, 2024, ilikuwa Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki ikiwemo sisi tukazubaa. Ukihama laini hii kwenda ile unakuta kumbe zote zinapita baharini humo humo. Tangu hapo bei zote, picha, ratiba za siku kwa siku za njia zote za mlima, ninazo ndani ya kompyuta yenyewe, sio huko mawinguni. Mtandao ukigoma natengeneza kazi ya siku nzima bila intaneti, ukirudi natuma kwa mkupuo. Na bosi nampigia simu ya kawaida mapema kumwambia, kwa sababu ukiwa mbali ukimya wako anausoma vibaya, ofisini angekuona umekaa na mikono kichwani akajua ni mtandao.

Saa ndo ilinisumbua kwenye mwili. Wateja wangu wengi wako Marekani. Kwetu ikiwa saa tatu usiku, New York kipindi chao cha joto ni saa nane mchana na California ni saa tano asubuhi, yaani wao ndo wanachangamka. Novemba wanarudisha saa nyuma, tofauti yetu na New York inakuwa masaa 8 badala ya 7, na Ulaya nao wanageuza zao Jumapili ya mwisho ya Oktoba wakati Wamarekani wanasubiri Jumapili ya kwanza ya Novemba, hapo katikati ukipanga simu kwa mazoea unamkosa mtu. Ukiwa ofisini mlango unafungwa saa kumi na moja na koasta ya mwisho haikusubiri, ukiwa nyumbani hakuna koasta. Nilijikuta saa tano usiku bado najibu, asubuhi saa mbili niko tena na viatu.

Hapa naomba usome taratibu kama umeajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haijasema ukiwa nyumbani haikuhusu. Saa za kawaida ni zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, zaidi ya hapo ni ovataimu na inalipwa mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza yake ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kituo cha kazi na saa za kazi ni vitu vinavyotakiwa kuwepo kwenye yale maelezo ya maandishi unayopewa unapoajiriwa, na vikibadilika mwajiri anatakiwa ayarekebishe kwa kushauriana na wewe. Mimi sikumpelekea bosi sheria mezani, ningeonekana nimetumwa. Nilimpelekea karatasi moja tu niliyoandika mwenyewe, kwamba siku mbili za wiki nitafanya simu za usiku na siku hizo naanza saa nane mchana, bando analipa nani, kompyuta ikiharibika ni ya nani, wageni wakikwama KIA usiku anapigiwa nani. Akasoma, akakata kimoja, akasaini. Kile alichokata ni kiti, kwa hiyo kiti kweli nilinunua mwenyewe.

Upweke upo, nisiwafiche. Sio kukosa watu, watu ninao mpaka basi, ni kukosa wale wanaojua kwa nini unacheka ukiona imeili ya mteja anayeuliza kama simba wa Serengeti wanalishwa saa ngapi. Kuna umbea wa ofisini ambao hauji kwa WhatsApp. Kuna bei mpya unazisikia tu kwa sababu dereva kapita kwenye dawati lako kunywa chai. Ndo maana ile siku moja ya Arusha siikwepi hata nikiwa na kazi nyingi, na siku hiyo hata siendi kukaa kwenye kompyuta, naongea na madereva na waongozaji tu, nauliza barabara ya wapi imeharibika, kambi gani ina maji, nani alirudishwa mlimani. Mauzo yangu ya wiki yanatoka humo.

Mwili nao unataka kutembezwa. Zamani nilikuwa natembea kwenda stendi bila kujua ni mazoezi, miezi ile ya kwanza nyumbani chapati za saa nne zilinionyesha. Saa kumi na moja navua viatu, navaa raba, naenda upande wa Msitu wa Rau naingia kidogo mpaka kwenye kivuli kizito ule upande wa mivule, narudi. Nikirudi chumba kimeshafungwa na funguo anayo dada.

Kilichobaki kigumu ni Desemba. Kila mtu anajua Mchaga Desemba anarudi nyumbani, barabara ya kutoka Dar inajaa, Moshi inajaa, na kwetu mashemeji wanashuka na familia zao kuanzia tarehe 20 huko. Ni raha, kuna mbege, kuna nyama, kuna watoto wanaolala kumi kwenye chumba kimoja. Na Desemba hiyo hiyo mpaka Februari ndo mlima una wageni wengi, wateja wa Krismasi wako njiani, simu hazikatiki. Hapo saa saba zangu na viatu vyangu na kitambaa chekundu havifui dafu, huwezi kuwaambia watu waliosafiri mwaka mzima kukuona kwamba wakungoje mchana. Nilijaribu kwenda kukaa na kompyuta kwenye mgahawa mmoja mjini, nikakuta nusu ya mashemeji wako pale.

Kwa hiyo nimekubaliana na mume wangu na bosi pia anajua, wiki ya mwisho kabla ya Krismasi ndo narudi kuwa mtu wa koasta. Kila asubuhi naenda ofisini Arusha, peke yangu kwenye siti, wenzangu wote njia nzima wanakuja Moshi kupumzika mimi naelekea kule wanakotoka. Jioni nikirudi narudi mzima, nakaa na watu, hakuna anayeniuliza kitu maana wameona nimetoka. Mashemeji wananionea huruma sana wiki hiyo.

Swali la mwisho ni langu kwenu. Natafuta fundi wa jipsam wa hapa Moshi wa kuweka siling kwenye hiki chumba kabla ya masika, ambaye hachukui advansi akapotea. Kama unamjua mmoja, tena umeona kazi yake kwa macho sio kwa picha za stetasi, niandikie, nitakupigia saa saba.